MASHINE IFUNDISHAYO NA MASHARTI YA LUGHA
Programu Itumikayo Tena, kwa Mfano wa Kisesa

Kamati ya Lugha ya Kiswahili ilipoanza kazi yake mwaka 1930, miongoni mwa mambo yaliyoikabili mwanzoni ni kuweka namna moja ya kuandika maneno, ili kitabu kipigwacho chapa mara moja kiweze kusomwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja pasipo kuandikwa upya. Fikira iliyoongoza kazi ile ni nyepesi kueleza na ngumu kutimiza: kilicho sawa kila mahali kifanywe mara moja, na kilicho tofauti kiachiwe nafasi yake. Siku hizi fikira ile ile imerudi kwa sura nyingine katika kazi ya kuunda programu za kompyuta zifundishazo. Wajuzi wa kompyuta wameishughulikia kwa miaka mingi, lakini wajuzi wa lugha hawajaitazama sana, ingawa sehemu kubwa ya ugumu wake ni ugumu wa lugha. Makala haya yanaeleza jinsi programu hizo zinavyoundwa ili zitumike tena mahali pengi, na masharti ambayo Kiswahili, na lugha ya nyumbani ya mwanafunzi, huwatia waundaji wake.

MAANA YA JAMBO LENYEWE

Programu ifundishayo si kitabu kilichotiwa ndani ya kompyuta. Kitabu humwambia kila msomaji maneno yale yale kwa utaratibu ule ule, awe ameelewa au hakuelewa. Programu ifundishayo hupokea jibu la mwanafunzi, hukisia kwa jibu hilo ni kipi akijuacho na kipi kimshindacho, kisha humchagulia swali au somo limfaalo yeye. Kwa sababu hiyo yafaa sana katika elimu ya mbali, yaani elimu ambayo mwalimu na mwanafunzi hawaonani kila siku, na pengine hawaonani kabisa.

Lakini kuiunda ni kazi ya gharama. Hutaka mjuzi wa somo, mjuzi wa ualimu, mjuzi wa lugha, mchoraji, msomaji mwenye sauti safi, na waandishi wa programu. Na saa moja ya kufundishwa na mashine hugharimu saa nyingi mno za kazi. Iwapo kila wilaya au kila nchi italazimika kuanza upya, basi programu hizo zitabaki kwa mataifa tajiri peke yao. Hiyo ndiyo asili ya haja ya kuunda kitu kinyumbukacho, kiwezacho kuchukuliwa kutoka mahali pamoja hadi pengine bila kuvunjwa.

Kisesa ni kata ya Wilaya ya Magu katika Mkoa wa Mwanza, kiasi cha kilomita 20 mashariki ya mji, juu ya barabara iendayo Musoma. Wachunguzi wa mila wanaijua kwa ajili ya Bujora na makumbusho yake ya Wasukuma, yaliyoanzishwa kwa jitihada za Padre David Clement katika miaka ya 1950. Wachunguzi wa afya wanaijua kwa uchunguzi wa watu na maradhi ulioanza huko mwaka 1994. Kwa mchunguzi wa lugha Kisesa ina faida nyingine: ni mahali ambapo mtoto husikia Kisukuma nyumbani na kufundishwa kwa Kiswahili shuleni, na barabara ya mji ikichanganya hizo mbili kila siku. Programu iliyoundwa kwa ajili ya pwani ikifika hapo itatahiniwa kabla haijamtahini mtoto.

MFANO WA ZAMANI KANDO YA ZIWA

Haifai kudhani kwamba jambo hili limeanza na kompyuta. Kati ya mwaka 1968 na 1972 Serikali ya Tanzania, pamoja na UNESCO na Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa, iliendesha jaribio la kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Makao ya jaribio yalikuwa Mwanza. Badala ya kitabu kimoja cha kusomea kwa watu wote, viliandikwa vitabu mbalimbali kufuata kazi za watu: cha pamba, cha migomba, cha uvuvi, cha ufugaji wa ng'ombe, cha mambo ya nyumbani. Mkulima wa pamba hakulazimishwa kujifunza herufi kwa maneno ya mvuvi.

Hata hivyo vitabu hivyo havikuwa kazi mbalimbali zisizohusiana. Neno lilitolewa katika kazi, likazungumzwa, likavunjwa kwa silabi, na silabi zikaunda maneno mapya. Utaratibu ulikuwa mmoja. Maneno na picha ndivyo vilivyobadilika. Vivyo hivyo katika kampeni za redio zilizofuata. "Uchaguzi ni Wako" ya 1970, "Wakati wa Furaha" ya 1971, "Mtu ni Afya" ya 1973 na "Chakula ni Uhai" ya 1975 zote zilitumia kiunzi kimoja: kipindi cha redio, kitabu kidogo, kikundi cha wasikilizaji na kiongozi wake. Kampeni ya 1973 ilifikia watu wapatao milioni 2. Hapana shaka isingaliwezekana iwapo kila mada ingalibuniwa utaratibu wake yenyewe.

Kasoro ya redio ni kwamba husema na haisikii. Mtu asiyeelewa hakuweza kuikatiza. Kiongozi wa kikundi ndiye aliyebeba mzigo huo. Programu ifundishayo hujaribu kuongeza sikio palipokuwa na mdomo tu, na hapo ndipo taabu zake zianzapo.

VIUNGO VINNE

Mashine za kufundishia zilizo na kompyuta zilianza mapema. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Donald Bitzer na wenzake waliunda PLATO mwaka 1960. Mashine za wakati huo zilikuwa na masomo yaliyoandikwa swali baada ya swali, na kila jibu lililotarajiwa limeandikwa mbele yake. Somo likibadilika, kila kitu kiliandikwa upya. Mwaka 1970 Jaime Carbonell alitoa programu iitwayo SCHOLAR, iliyofundisha jiografia ya Amerika ya Kusini. Yeye hakuandika maswali. Aliandika maarifa, yaani nchi, miji, mito na uhusiano wao, kisha akaiachia programu kutunga maswali kutokana na maarifa hayo. Tangu hapo wajuzi wengi wamekubaliana kuigawa programu ifundishayo katika viungo vinne.

Cha kwanza ni maarifa ya somo: kinachofundishwa, na jinsi sehemu moja inavyotegemea nyingine. Cha pili ni picha ya mwanafunzi: anachokisiwa kukijua, na makosa yake ya mara kwa mara. Cha tatu ni ualimu: kanuni za kuchagua swali lifuatalo, wakati wa kusaidia na wakati wa kunyamaza. Cha nne ni sura ya nje: maandishi, sauti, picha, na namna ya kupokea jibu.

Thamani ya mgawanyo huu ni kwamba kiungo kimoja chaweza kubadilishwa na vingine vikabaki. Maarifa ya hesabu yakitolewa na kuwekwa maarifa ya kusoma, ualimu waweza kubaki ule ule. Sauti ya Kiingereza ikitolewa na kuwekwa ya Kiswahili, hesabu haibadiliki. Ndivyo isemwavyo katika vitabu. Katika matendo viungo hivi hushikamana mahali pasipotazamiwa, na aghalabu kinachovishikamanisha ni lugha.

JARIBIO LA TANGA

Mfano mkubwa zaidi uliopata kuonekana Tanzania ni shindano la Global Learning XPRIZE, lililotangazwa mwaka 2014 likiwa na zawadi ya jumla ya dola milioni 15 za Kimarekani. Washindani walitakiwa kuunda programu itakayomwezesha mtoto kujifundisha mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu kuwa karibu. Mwaka 2017 walichaguliwa watano wa mwisho: CCI, Chimple, Kitkit School, onebillion, na RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Programu zao zilitiwa katika vishikwambi na kupelekwa katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, kwa watoto wapatao 2,700, kwa muda wa miezi 15. UNESCO, Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania walishiriki katika kazi hiyo, na vishikwambi vilichajiwa kwa nguvu ya jua.

Kabla ya jaribio, asilimia 74 ya watoto hao ilielezwa kuwa hawakupata kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Tarehe 15 Mei 2019 Kitkit School na onebillion walitangazwa kuwa washindi sawa.

Kwa makala haya neno kubwa si ushindi bali sharti moja la shindano: kwamba programu zote tano za mwisho zitolewe wazi, pamoja na maandishi yake ya asili, ili mtu yeyote aweze kuzichukua, kuzirekebisha na kuzitumia. Kwa hiyo tangu 2019 shule, wilaya au chuo chochote chaweza kisheria kuchukua programu iliyofundisha Tanga na kuipeleka kwingine. Kisesa haikuwamo katika vijiji vile. Swali lililobaki ni hili: ruhusa ikiwapo, ni kitu gani kitakachozuia?

MASHARTI YA KISWAHILI CHENYEWE

Kizuizi cha kwanza ni upatanisho wa maneno. Waandishi wengi wa programu wamezoea lugha ambayo hesabu ya vitu hubadilisha jina tu, na tarakimu haibadiliki. Kwao sentensi huungwa kama matofali: nambari huwekwa hapa, jina huwekwa pale. Hata kanuni za kimataifa za Unicode, ambazo programu nyingi huzitegemea katika kupanga umoja na wingi, hukipa Kiswahili hali mbili tu, ya kimoja na ya vingi. Kwa tafsiri ya matangazo mafupi yatosha. Kwa somo la hesabu haitoshi hata kidogo.

Mtoto aambiwe: watu watatu, miti mitatu, maembe matatu, vitabu vitatu, nyumba tatu. Nambari 1, 2, 3, 4, 5 na 8 hufuata ngeli. 6, 7, 9 na 10 hazifuati. Swali nalo hubadilika: wangapi, mingapi, mangapi, vingapi, ngapi. Tena ngeli haijulikani kwa umbo la jina peke yake, kwa kuwa viumbe hai huvuta upatanisho wao. Sahani ni mbili, lakini sato ni wawili. Kando ya Ziwa mfano mwema zaidi ni kiboko: viboko wawili ni wanyama majini, na viboko viwili ni fimbo za kuchapia. Programu iungayo maneno kama matofali itamfundisha mtoto hesabu sahihi kwa Kiswahili kibovu, na mtoto ambaye Kiswahili si lugha ya mama yake hana namna ya kujua kwamba mashine ndiyo iliyokosea.

Dawa si kumwajiri mfasiri hodari zaidi. Dawa ni kuweka katika maarifa ya programu, pamoja na kila jina, ngeli yake na alama ya uhai, na kuacha kanuni moja itunge upatanisho. Kanuni hiyo ikishaandikwa vizuri mara moja, yaweza kutumika katika kila programu ya Kiswahili. Na kwa kuwa lugha nyingi za Kibantu zina utaratibu wa namna hiyo, kiunzi chake chafaa pia kwa Kisukuma, Kiganda au Kikuyu, mradi orodha za viambishi zibadilishwe.

Kizuizi cha pili ni silabi. Kiswahili hufundishwa kwa silabi tangu zamani, na kwa haki, kwa sababu silabi zake nyingi huishia kwa vokali na huandikwa kama zinavyotamkwa. Lakini kanuni ya kuzikata si ya herufi tu. Mbuzi ni mbu-zi, ilhali mtu ni m-tu na nchi ni n-chi. Neno mbuni likiwa jina la ndege ni mbu-ni; likiwa jina la mtu abuniye ni m-bu-ni. Hakuna mashine itakayojua tofauti hiyo kwa kutazama herufi. Lazima ielezwe katika kamusi yake. Kadhalika alama ya ng'. Kwa kompyuta kuna alama mbalimbali zifananazo kwa jicho: iliyo wima na iliyopinda. Mtoto akiandika ng'ombe kwa alama moja na programu ikatazamia nyingine, atahesabiwa kosa asilolifanya. Pengine programu huiona alama hiyo kuwa mwisho wa neno, ikampa mtoto "ng" na "ombe" kuwa maneno mawili.

Kizuizi cha tatu ni saa. Programu ikionyesha sura ya saa na mishale yake, na chini yake neno lililotafsiriwa kwa kufuata tarakimu, itasema kwamba mtoto huenda shule saa saba asubuhi. Hakuna mtu Kisesa aendaye shule saa hiyo; huenda saa moja. Hapa kosa haliko katika tafsiri, bali limeingia ndani ya maarifa ya somo. Mfasiri aliyepewa orodha ya maneno bila kuona picha hawezi kulisahihisha.

LUGHA YA NYUMBANI NA HESABU YA UJUZI

Kizuizi cha nne ni kikubwa kuliko vyote, kwa kuwa hukaa katika picha ya mwanafunzi, mahali pasipoonekana. Kisukuma kina vokali saba na Kiswahili tano. Tena hakitenganishi r na l kama Kiswahili kitenganishavyo. Mtoto wa Kisesa aonapo neno "ruka" aweza kulisoma barabara, akajua maana yake, na mdomo ukatoa "luka". Mwalimu aliyekaa Usukumani husikia na kuendelea. Mashine isikiayo hufanya nini?

Programu nyingi hukadiria ujuzi kwa njia iliyoelezwa na Albert Corbett na John Anderson mwaka 1995, itokayo katika kanuni ya kale ya Thomas Bayes. Njia hiyo hutumia nambari nne: uwezekano kwamba mwanafunzi alikwisha jua, uwezekano wa kujifunza katika kila jaribio, uwezekano wa kuteleza ilhali anajua, na uwezekano wa kubahatisha ilhali hajui. Kwa kawaida mwanafunzi huhesabiwa kuwa amelimiliki jambo akifika 0.95.

Na zichukuliwe nambari za mfano tu: mwanzo 0.50, kujifunza 0.10, kuteleza 0.10, kubahatisha 0.20. Watoto wawili wasome "ruka" na "rudi", kila mmoja akisema l badala ya r. Mmoja anafundishwa na programu isiyokubali matamshi hayo. Baada ya neno la kwanza makadirio yake hushuka kutoka 0.50 hadi 0.20, baada ya la pili hufika kiasi cha 0.13. Wa pili anafundishwa na programu iliyoelezwa kwamba kwa msemaji wa Kisukuma l yaweza kusimama badala ya r. Makadirio yake hupanda hadi 0.84, kisha 0.96. Watoto hawa wamesoma sawasawa. Mmoja sasa ataendelea na hadithi, na mwenzake atarudishwa kwenye herufi alizozijua, siku baada ya siku, mpaka atakapochoka na mashine au atakapojiamini kuwa mjinga. Wala hapana atakayeona kosa, kwa sababu taarifa itakayomfikia afisa elimu itasema kwamba mtoto hajui kusoma, na itakuwa na nambari.

Haitoshi, hata hivyo, kuiambia programu isahau r. Kura si kula, na mahari si mahali. Mtoto lazima aweze kuyaandika maneno hayo kwa tofauti yake. Kwa hiyo ujuzi huo hugawanywa mara mbili: kulitambua neno kwa kusoma, ambapo matamshi ya nyumbani hukubaliwa, na kuliandika kwa imla, ambapo tofauti ya r na l hufundishwa waziwazi kuwa somo lenyewe. John Seely Brown na Richard Burton walionyesha mwaka 1978, katika hesabu za kutoa, kwamba makosa mengi ya watoto si ovyo bali hufuata kanuni yake. Mwalimu akiijua kanuni hiyo hurekebisha chanzo badala ya kuhesabu makosa. Lafudhi ni jambo la namna hiyo hiyo, ila si kosa.

Hapa ndipo mpangilio wa programu uamuapo mambo. Iwapo kanuni ya r na l imeandikwa ndani kabisa, katikati ya maagizo mengine, basi kuileta programu Kisesa ni kuivunja na kuijenga upya. Iwapo imewekwa nje, katika faili la lugha ya nyumbani ambalo programu hulisoma ianzapo kazi, basi mwalimu na mjuzi mmoja wa Kisukuma wanaweza kuliandika kwa siku chache. Kesho atakuja mwingine aandike la Kikerewe au la Kijita, na programu haitaguswa.

MWENDO WA TAARIFA

Elimu ya mbali ina sharti jingine, nalo ni njia. Umeme hukatika na intaneti hupotea. Programu iulizayo mashine ya mbali kabla ya kila hatua itasimama kila siku. Kwa hiyo viungo vyote vinne hukaa ndani ya kishikwambi chenyewe, na taarifa za mwanafunzi huwekwa akiba hadi mtandao upatikane.

Ili taarifa hizo zieleweke kwa programu nyingine, zimewekwa kanuni za pamoja. Ya kwanza iliyoenea ni SCORM, iliyotolewa mwaka 2000 kwa juhudi za Idara ya Ulinzi ya Marekani. Hiyo ilidhani kwamba mwanafunzi yuko mbele ya mtandao wakati wote. Iliyofuata ni xAPI ya mwaka 2013, iandikayo kila tukio kama sentensi fupi: mtendaji, kitenzi, na kitendwa. Sentensi zaweza kukusanywa leo na kupelekwa wiki ijayo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye kituo Mwanza, kimeitumia Moodle, programu huria ya kuendeshea masomo iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Nayo yaonyesha jinsi kiunzi kimoja kiwezavyo kuchukua masomo ya aina nyingi bila kubadilishwa.

Kanuni hizi husaidia, lakini hazitoshi. Zasema jinsi taarifa ipelekwavyo, hazisemi kama taarifa ni ya kweli. Sentensi "mtoto ameshindwa kusoma ruka" itasafiri vizuri kutoka Kisesa hadi Mwanza na Dodoma, na itabaki kuwa uongo.

KAZI YA WATU WA LUGHA

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ile iliwezekana kwa kuwa maneno ya programu yalikuwa yametengwa na maagizo yake, na leseni iliruhusu. Ilionyesha pia kwamba ugumu mkubwa haukuwa kupata maneno, bali kuyatumia kwa namna moja. Jambo likiitwa kwa jina hili ukurasa wa kwanza na kwa jina lile ukurasa wa kumi, msomaji huyadhani mawili. Kwa programu ifundishayo hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu wa darasa la I na la II una istilahi zake, na mtoto asifundishwe na mashine kwa maneno yapinganayo na ya mwalimu wake.

Tangu mwaka 2022 zimeenea mashine zitungazo sentensi zenyewe kwa kujifunza katika maandishi mengi, na huenda mtu akasema kwamba shida ya upatanisho imekwisha. Zimepunguza taabu, lakini hazijaondoa mgawanyo wa kazi. Mashine itungayo sentensi nzuri si lazima iwe inajua ni mtoto yupi aliyeshindwa jana, wala si lazima isikie lafudhi ya Usukumani ikiwa haikupata kuisikia. Picha ya mwanafunzi na kanuni za ualimu bado zahitaji kuandikwa mahali pake, zionekane, na ziweze kusahihishwa na mtu.

Yapatikanayo basi ni haya. Programu itumikayo tena si ile isiyojua ilipo, ifanyayo mambo yale yale Tanga, Kisesa na London. Ni ile ijuayo waziwazi ni mambo gani yake yategemeayo mahali, na kuyaweka hayo pale ambapo mwenyeji aweza kuyafikia kwa mkono wake. Orodha za ngeli, kamusi za silabi, matamshi yakubalikayo katika kila eneo, majina ya saa na ya vitu: kila moja ni kazi ya uchunguzi wa lugha, ya kawaida kabisa kwa vyuo vya lugha, na kila moja ikikamilika yaweza kutolewa wazi na kutumika katika programu nyingi.

Wale walioandika kitabu cha pamba miaka zaidi ya 50 iliyopita walijua kwamba mkulima wa Usukumani asianze kusoma kwa neno asilolitumia. Mashine ya leo ina uwezo mkubwa kuliko kitabu kile, lakini haitafika walipofika wao mpaka ifundishwe kwamba mtoto asemaye "luka" amekwisha soma.